Waitalia wa nchi ya miwa: sherehe yao inasahau nini, na inakumbuka nini

Mjini Innisfail, kaskazini mwa jimbo la Queensland nchini Australia, imesimama sanamu ya marumaru ya mkata miwa. Ilitolewa na Waitalia wa wilaya hiyo mwaka 1959, jimbo lilipokuwa likiadhimisha miaka 100 ya kuundwa kwake, ili kuwaenzi waanzilishi wa kilimo cha miwa. Zawadi hiyo haimshangazi mtu mpaka ahesabu miaka. Haikuwa imetimia miaka 20 tangu wanaume wengi wa jamii hiyohiyo wachukuliwe na polisi mashambani mwao na kutiwa kambini kwa sababu tu ya kuzaliwa Italia, au ya kuzaliwa na Waitalia. Waliorudi, pamoja na ndugu na jirani zao, ndio waliochanga fedha za kuupa mji ule sanamu.

Naanza na sanamu kwa makusudi, kwa kuwa mjadala kuhusu urithi wa Waitalia katika miji ya mashambani ya Australia kwa kawaida huanza na chakula na kuishia hapohapo. Mji wa Ingham, katika bonde la mto Herbert, una tamasha lake kubwa la Waitalia wa Australia. Griffith, mji wa mizabibu na matunda katika New South Wales, una makumbusho yake na mashindano yake ya soseji za kukaushwa. Wakosoaji huzitazama sherehe hizi na kuona tambi, kodiani, bendera za rangi tatu na watalii. Wanasema kwamba ni urithi uliochujwa ukabaki utamu peke yake, na kwamba katika kuchujwa huko wamesahauliwa watu waliokuwapo kabla ya Mwitalia wa kwanza kushika panga.

Hoja hiyo ina uzito, na uzito wake uko kwenye tarehe. Tangu mwaka 1863 mashamba ya miwa ya Queensland yaliendeshwa kwa mikono ya watu wa visiwa vya Pasifiki, hasa kutoka Vanuatu na visiwa vya Solomon za leo. Kufikia mwaka 1904 walikuwa wamesainishwa mikataba ipatayo 62,000, baadhi yao wakiwa wameghilibiwa au kutekwa waziwazi ufukweni mwao. Sheria ya mwaka 1885 ilipanga kuukomesha uletaji huo mwishoni mwa 1890, na wenye mashamba wakaanza kutafuta mikono mingine. Mwaka 1891 meli Jumna ikashusha Waitalia wapatao 335, wengi wao wakulima wa Piemonte na Lombardia, kaskazini mwa Italia. Mwaka uliofuata serikali ilibadili msimamo na Wavisiwa wakaendelea kuletwa, lakini mlango wa Waitalia ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Shirikisho la Australia lilipoundwa mwaka 1901, moja ya sheria zake za mwanzo kabisa iliamuru Wavisiwa waondolewe, na kati ya 1906 na 1908 maelfu yao walirudishwa visiwani, wakiwemo waliokwisha kuishi Queensland kwa miaka mingi. Chini ya historia yote hiyo iko ardhi yenyewe, ambayo katika bonde la Herbert ilikuwa ya Wawarrgamay, wenyeji wa asili, na majirani zao. Kwa hiyo mtu anapopanda jukwaani Ingham na kuwaita babu zake waanzilishi, mkosoaji ana haki ya kumwuliza walianzisha nini ambacho wengine hawakuwa wamekianza.

Hoja ya pili ya wakosoaji ni ya sensa, na ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu nadhani inasomwa kinyume. Katika sensa ya mwaka 2021, watu zaidi ya milioni 1.1 nchini Australia walijitaja kuwa na asili ya Kiitalia. Waliosema wanazungumza Kiitalia nyumbani walikuwa karibu 228,000, yaani kama mmoja kati ya watano, na waliozaliwa Italia hawakufika 165,000. Wakosoaji huziweka tarakimu hizi pamoja na kuhitimisha kwamba asili hiyo imekuwa vazi la sikukuu, linalovaliwa siku moja na kurudishwa kabatini.

Ila inafaa kwanza kuuliza hao wanne waliobaki walipoteza lugha gani, na waliipoteza wapi. Italia ilipounganishwa mwaka 1861, wakulima wake wengi hawakuwa wakizungumza Kiitalia. Abiria wa Jumna walizungumza lahaja za Piemonte na Lombardia, na waliowafuata kutoka Sicilia walikuja na Kisicilia chao. Katika kambi ya wakata miwa, mtu wa Piemonte na mtu wa Catania, mji wa Sicilia, waliweza kushindwa kuelewana, wakakutana katikati kwa Kiingereza cha vipande vipande. Watoto wao waliingia shule zisizokuwa na nafasi ya lugha nyingine, katika nchi ambayo sera yake mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa kumtaka mhamiaji ayeyuke ndani ya wengine. Halafu vikaja vita, na kusikika sokoni ukizungumza lugha ya nyumbani kukawa jambo la hatari. Mama aliyewaambia wanawe wazungumze Kiingereza barabarani hakuwa akiudharau urithi wake, alikuwa akiwakinga. Mtu anayeupima urithi wa watu hawa kwa lugha peke yake anawadai kitu walichonyang'anywa, kisha anawalaumu kwa kutokuwa nacho. Hata anayejifunza leo Kiitalia sanifu darasani hajairudisha lugha ya babu yake, kwa kuwa babu yake hakuwa nayo.

Kilichobaki, kwa sababu hakikuhitaji ruhusa ya shule wala ya polisi, ni kile kilichoweza kufanywa ndani ya ua: kuchinja nguruwe wakati wa baridi, kusindika nyanya, kukamua zabibu, kusali kwa mtakatifu wa kijiji cha nyumbani, na kuwajengea wafu makaburi ya familia yaliyonakshiwa kwa vigae, ambayo yeyote anayeingia makaburini Ingham huyaona kabla ya kitu kingine chochote. Wakosoaji wanaposema kwamba sherehe ni chakula tu, wanataja bila kukusudia sehemu ya maisha ambayo haikufikiwa na amri. Nisingeidharau sehemu hiyo.

Kuna jambo lingine linalokosekana katika picha ya Waitalia kama watu waliopokelewa vizuri wakakalia nafasi ya waliofukuzwa. Kupokelewa kwao kulikuwa na masharti, na masharti hayo yalibadilika kila bei ya sukari ilipobadilika. Baada ya 1901 serikali ililipa ruzuku kwa sukari iliyozalishwa kwa mikono ya watu weupe, na sheria ya Queensland ya mwaka 1913 ikawabana zaidi wasiokuwa na asili ya Ulaya wasifanye kazi katika miwa. Katika mizani hiyo Mwitalia alihesabiwa mweupe, na hapo hapana budi kukiri kwamba alifaidika. Lakini mwaka 1925 serikali ya jimbo iliunda tume chini ya Thomas Arthur Ferry kuchunguza ongezeko la wageni kaskazini, na ripoti yake ikawagawa Waitalia wenyewe: wa kaskazini mwa Italia wakasifiwa, wa kusini, hasa Wasicilia, wakaelezwa kama watu duni. Mwaka 1930 chama cha wafanyakazi, wenye viwanda na wenye mashamba wakakubaliana kwamba asilimia 75 ya wakata miwa wawe Waingereza kwa asili. Mtu yuleyule aliyekuwa mweupe wa kutosha kumwondoa Mvisiwa hakuwa mweupe wa kutosha kupewa panga mbele ya Mwingereza. Hali hiyo haimfanyi Mwitalia kuwa sawa na Mvisiwa, kwa kuwa mmoja alipunguziwa kazi na mwingine alifukuzwa nchini. Inaonyesha hata hivyo kwamba wote wawili walipimwa kwa mizani moja, isiyokuwa mali ya yeyote kati yao.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Nchini Australia Waitalia wapatao 4,700 waliwekwa kizuizini katika miaka ya vita, na Queensland ilikamata wengi kuliko jimbo lolote, hasa mwaka 1942 hofu ya Japani ilipopanda. Wengine walikuwa na uraia wa Australia kwa miaka mingi. Wafuasi wa Mussolini walikuwapo, na si haki kuwaficha. Walikuwapo pia wapinzani wake wakali, akiwemo Francesco Fantin, mwanaharakati aliyefanya kazi kati ya wakata miwa wa kaskazini mwa Queensland, na mamlaka haikujitaabisha sana kutenganisha mfuasi na mpinzani. Wanaume walisafirishwa kwa treni siku kadhaa hadi kambi kama Loveday, Australia Kusini, huku nyuma wake zao wakibaki na shamba, watoto, deni la benki na miwa iliyokomaa. Wanawake hao walivuna. Sukari ilihitajika kwa vita vilevile vilivyowafanya waume zao waitwe maadui.

Kwa hiyo watoto na wajukuu wao wanapoufunga mtaa mkuu wa Ingham kwa siku mbili tatu na kupeperusha bendera ambayo iliwahi kumpeleka babu kambini, sioni usahaulifu. Naona watu wanaofanya hadharani, mbele ya kituo cha polisi na benki na kanisa, jambo ambalo wazazi wao walilifanya milango ikiwa imefungwa. Griffith nayo ina sababu yake. Baada ya kuuawa kwa Donald Mackay, mpinzani wa biashara ya bangi aliyetoweka mwaka 1977 na ambaye mwili wake haukupatikana kamwe, kila familia yenye jina la Kiitalia mjini humo ilijikuta ikitazamwa kwa jicho la mafia, ingawa walio wengi walikuwa wakulima wasiokuwa na uhusiano wowote na uhalifu ule. Makumbusho yenye mikokoteni na mashine kuukuu za kukamua zabibu ni jibu dogo kwa shutuma kubwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana hata na watetezi wa sherehe. Wengi wao huitetea kwa neno waanzilishi, lile lile lililotumika kuitolea sanamu ya Innisfail, na neno hilo ndilo linalowapa wakosoaji ushindi usio wa lazima. Mwanzilishi ni mtu anayefika mahali patupu. Bonde la Herbert halikuwa tupu wakati wowote ule, na katika miwa Waitalia walikuta kazi ambayo tayari ilikuwa imewaua Wavisiwa wengi. Sanamu yenyewe ni mwaminifu kuliko neno lililoisindikiza, kwa kuwa inamwonyesha mkata miwa, si mwenye shamba, wala mtu anayechomeka bendera ardhini. Na historia ya kukata miwa ndiyo sehemu ya urithi huu ambayo Waitalia wangeweza kuisherehekea kwa sauti ya juu kabisa bila kumfukuza mtu mwingine uwanjani.

Chukua miaka ya 1934 na 1935. Wakata miwa wa wilaya za Ingham, Innisfail na Tully walikuwa wakiugua na kufa kwa ugonjwa wa Weil, unaoenezwa na mkojo wa panya waliojaa katika miwa mibichi, na unaoingia mwilini kupitia mikwaruzo ya majani. Walidai miwa ichomwe kabla ya kukatwa ili panya wakimbie. Wenye viwanda walikataa kwa hofu ya kupoteza sukari, na viongozi wa chama chao cha wafanyakazi hawakuwaunga mkono. Wakagoma hata hivyo, Waitalia wengi wakiwa mstari wa mbele bega kwa bega na Waingereza wa kuzaliwa ambao miaka michache tu iliyopita walikuwa wamewekewa upendeleo dhidi yao, na uchomaji ukaja kuwa desturi ya mashamba. Kwangu mimi huo ndio urithi mzito zaidi ambao Waitalia waliuachia nchi ya miwa, nao unapata nafasi finyu kando ya divai na nyimbo.

Kuusimulia urithi kwa namna hiyo kunamleta Mvisiwa ndani bila kumfanyia hisani. Yeye naye alikata miwa, kwa ujira mdogo zaidi na kwa vifo vingi zaidi, na wazao wa wachache waliobakia walisubiri hadi mwaka 1994 serikali ya shirikisho iwatambue kama jamii yenye historia yake. Wakosoaji wengi wangetaka sherehe ipunguzwe ili kumbukumbu hiyo ipate nafasi. Mimi ningetaka meza iongezwe urefu. Kumwambia mzee wa Kisicilia, ambaye baba yake alipigwa muhuri wa uadui, kwamba furaha yake inamwonea Mvisiwa, ni kumbebesha yeye deni la wenye mashamba walioagiza wote wawili kwa meli na kuwalipa wote wawili chini ya stahili yao.

Haja ya kuanza ipo sasa, kwa sababu rahisi ya kazi yenyewe. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 karibu miwa yote ya Queensland ilikuwa ikivunwa kwa mashine. Watu waliowahi kuishi katika magenge ya wakata miwa, waliolala katika mabanda yale na kujua uzito wa tita la miwa begani, sasa ni wazee wa miaka 80 na 90. Baadhi yao bado wanaweza kuisimulia kazi hiyo kwa Kipiemonte au Kisicilia, lugha ambazo wajukuu wao hawakufundishwa, na wazao wa Wavisiwa wanayo masimulizi yao kuhusu mashamba hayohayo. Kamati za sherehe zinao wapishi, zinao wanamuziki na zina fedha za utalii. Siku mbili tatu za mwaka, mtaa mkuu ukiwa umejaa, zinaweza pia kuweka viti viwili, kinasa sauti, na mtu mwenye subira ya kusikiliza.