Vita vya Angola havikuanzia Washington wala Moscow

Mataifa makubwa mawili yanayoogopa kupigana ana kwa ana yanapopigana kupitia watu wa nchi nyingine, wengi wetu hukimbilia methali ya fahali wawili: wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Ni kweli nyasi huumia. Lakini methali hiyo humwachia mwenyeji kazi moja tu, kuhurumiwa. Vita vya Angola, vilivyoanza 1975 na kwisha 2002, vinatupa picha ngumu zaidi, kwa sababu kule nyasi ziliwaita fahali, na kila upande ukajichagulia wa kwake.

Wanaowalaumu wageni wana ushahidi mzito. Udikteta wa Ureno ulipoangushwa Lisbon tarehe 25 Aprili 1974, watawala wapya walitaka kuondoka Afrika haraka. Januari 1975, kwa mkataba wa Alvor, vyama vitatu vya ukombozi vilikubaliana kuunda serikali ya pamoja, kufanya uchaguzi, kisha kupokea uhuru tarehe 11 Novemba. Wino haujakauka, Marekani ikaidhinisha dola 300,000 kwa chama kimoja kati ya hivyo vitatu, FNLA ya Holden Roberto. Si fedha nyingi kwa dola kubwa, ila kumpa mmoja wakati watatu wanajifunza kukaa meza moja ni kumwambia kwamba hana haja ya meza. Moscow nayo ilikuwa ikiongeza silaha kwa MPLA ya Agostinho Neto. Julai, Rais Gerald Ford akapitisha mpango wa siri wa shirika la ujasusi la CIA wa kuwasaidia wapinzani wa MPLA, uliofikia takriban dola milioni 32. Nathaniel Davis, aliyesimamia masuala ya Afrika katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, aliupinga, na aliposhindwa akajiuzulu. Bosi wake, Henry Kissinger, alikuwa na hesabu nyingine: Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini iliyoungwa mkono na Marekani, ilikuwa imeanguka Aprili, na alitaka Wasovieti waone kwamba Marekani bado ina meno. Waangola wenyewe hawakuwa na uzito mkubwa katika hesabu hiyo. Oktoba, jeshi la Makaburu wa Afrika Kusini likavuka mpaka kutoka Namibia, waliyokuwa wakiitawala, na kupanda kuelekea Luanda.

Ukiishia hapo, kesi imekwisha. Lakini vyama hivi vilikuwa vikiwindana tangu miaka ya 1960, vyote vikiwa bado vitani na Mreno. FNLA ilikuwa na mizizi kwa Wabakongo wa kaskazini na mgongo wake ulikuwa Zaire ya Mobutu. MPLA ilikuwa ya Luanda na eneo lililouzunguka, na wasomi na machotara wengi katika uongozi wake. Jonas Savimbi alimkimbia Roberto mwaka 1964, na miaka miwili baadaye akaanzisha UNITA, iliyopata nguvu kwa Waovimbundu wa nyanda za kati. Hakuna aliyeamini kwamba akishindwa uchaguzi ataendelea kuishi salama. Hofu hiyo haikuletwa na meli ya mgeni yeyote.

Tazama pia jinsi walivyotafuta wafadhili. Roberto alipokea dola za Marekani na wakufunzi wa kijeshi wa China kwa wakati mmoja. Savimbi alifunzwa China ya Mao, akaja kupigana bega kwa bega na Makaburu, na Januari 1986 akapokelewa Ikulu ya Marekani na Ronald Reagan kama mpigania uhuru. Mtu anayeweza kupita milango yote mitatu si kibaraka wa itikadi yoyote. Anajua tu nani ana bunduki leo.

Hata Cuba, ambayo kwa miaka mingi ilielezwa kama mkono wa Moscow, haikukaa vizuri katika nafasi hiyo. Mwanahistoria Piero Gleijeses, aliyefika hadi kwenye nyaraka za Havana, ameonyesha kwamba Fidel Castro aliamua kupeleka wanajeshi kuisaidia MPLA Novemba 1975 bila kuomba ruhusa ya Wasovieti, ambao wakati huo walikuwa wakitafuta maelewano na Marekani na hawakulifurahia jambo hilo. Mwanzoni mwa 1976 Wacuba walikuwa takriban 36,000. Tarehe 27 Mei 1977, Nito Alves, aliyehesabiwa kuwa mtu wa karibu na Moscow, alipoongoza jaribio la kumpindua Neto, aliyekuwa sasa rais wa Angola, wanajeshi wa Cuba walisaidia kulizima. Kisha serikali ikaua maelfu ya wanachama na wafuasi wake yenyewe. Mauaji hayo hayawezi kubandikwa mlangoni kwa Kissinger.

Halafu kuna Cabinda, ambako nadharia nzima ya kambi mbili hugeuka kichekesho. Mafuta ya jimbo hilo yalichimbwa na kampuni ya Kimarekani, Gulf, ambayo malipo yake yaliijaza hazina ya serikali ya Kimaksi ya MPLA, na wanajeshi wa Cuba walisaidia kulinda eneo hilo. Mei 1985 makomando wa Afrika Kusini, nchi iliyoungana na Washington katika kumsaidia Savimbi, walinaswa huko wakiwa na mpango wa kuilipua mitambo ya mafuta hayo. Hivyo fedha za Kimarekani zililipia pande zote mbili, moja kwa biashara na nyingine kwa siri.

Kwa hiyo wageni hawana hatia? Sivyo ninavyoona. Hawakuuanzisha ugomvi, walichofanya ni kuondoa gharama ya kukataa kuumaliza. Angalia yaliyowapata walioshindwa mwishoni mwa 1975 na mwanzoni mwa 1976. FNLA ilivunjwa Quifangondo, nje kidogo ya Luanda, siku moja kabla ya uhuru. Baadaye wafadhili wake wakachoka, Roberto akaenda uhamishoni, na nguvu ya kijeshi ya chama chake ikanyauka. UNITA nayo ilikuwa imefukuzwa mijini na kusalia msituni, lakini Makaburu waliifufua. Bunge la Marekani, lililokuwa limepiga marufuku msaada kwa sheria ya Seneta Dick Clark, likaifuta sheria hiyo mwaka 1985, na makombora ya Stinger ya kutungulia ndege yakafuata. Vyama viwili vilivyopigwa wakati mmoja, kimoja kikafa na kingine kikapigana miaka 26 zaidi. Tofauti yao haikuwa mfadhili peke yake, kwani Savimbi alikuwa mpangaji hodari na mkatili asiye na mfano, lakini bila mfadhili angelazimika kujadiliana. Upande wa pili, MPLA nayo haikuwa na sababu ya kujadiliana wakati Wacuba wanailinda.

Zipo sauti zinazosema vita hivi vilileta heri, na si sauti za kupuuzwa. Baada ya mapigano ya Cuito Cuanavale ya 1987 na 1988, Angola, Cuba na Afrika Kusini zilitia saini makubaliano ya New York tarehe 22 Desemba 1988. Makaburu wakaondoka Namibia, iliyopata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Wanajeshi wa pande zote bado wanabishana nani alishinda Cuito Cuanavale. Mimi naangalia nani aliondoka wapi. Bila bunduki za Kisovieti na vijana wa Cuba, sioni Pretoria ikiiachia Namibia mapema hivyo. Afrika yenyewe ilikuwa imegawanyika: mkutano wa dharura wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliofanyika Addis Ababa Januari 1976 ulikwama, nchi 22 zikiitambua MPLA na 22 zikitaka serikali ya umoja. Tanzania na Zambia, majirani waliosimama pamoja karibu kila mahali kusini mwa Afrika, walitofautiana hapo. Lakini gharama ya uhuru wa Namibia ililipwa kwa sehemu kubwa na wakulima wa Angola ambao hakuna aliyewauliza.

Mtihani wa hoja zote mbili ulikuja Vita Baridi vilipokwisha. Kama wageni ndio walikuwa chanzo, vita vingekoma. Wacuba walimaliza kuondoka Mei 1991, na mwezi huohuo mkataba wa amani wa Bicesse kati ya serikali na UNITA ukatiwa saini. Katika uchaguzi wa Septemba 1992, José Eduardo dos Santos wa MPLA alipata asilimia 49.6 na Savimbi 40.1. Savimbi akayakataa matokeo, serikali ikawaua wafuasi wake mitaani Luanda, na duru ya pili haikufanyika. Vita vilivyofuata viliua zaidi na kubomoa zaidi. Huambo pekee ulipiganiwa siku 55 mwaka 1993. Serikali ililipia kwa mafuta, UNITA kwa almasi, hadi Savimbi alipouawa Moxico tarehe 22 Februari 2002.

Wanaotetea mataifa makubwa hupenda kusimama hapo: mnaona, walipigana wenyewe. Wanasahau kwamba majeshi mawili yaliyopigana 1993 yalijengwa, yakafunzwa na kupewa silaha na wageni kwa miaka 17, na kwamba wageni hao walipochoka walitoa kidogo sana kwa ajili ya amani. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliosimamia Bicesse ulipewa waangalizi wa kijeshi takriban 350 kwa nchi yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni moja na laki mbili. Mkuu wake, Margaret Anstee, alilalamika waziwazi kwamba kazi na uwezo havilingani. Uchaguzi ulifanyika kabla majeshi hayajavunjwa.

Msumbiji, iliyotawaliwa na Mreno huyohuyo na kuharibiwa na vita vya namna hiyohiyo, ilipelekewa maelfu ya walinda amani, na uchaguzi ukasubiri hadi Oktoba 1994, wapiganaji wengi wakiwa wameshakabidhi silaha. Renamo, waliokuwa waasi wa huko, ilishindwa, ikaingia bungeni. Ni kweli pia kwamba Renamo haikuwa na almasi, wala kiongozi wa aina ya Savimbi, na sidai kwamba walinda amani elfu sita wangemzuia kurudi msituni. Lakini kwa waliotumia mamilioni kwa mamilioni kumpa silaha, hata kujaribu kulionekana ghali.