Uchapaji kwa Oda: Jukwaa la Ng'ambo au Mashine ya River Road?

Mwandishi wa Nairobi anayejichapishia kitabu huvutwa pande mbili. Kuna wanaomwambia apakie faili kwenye KDP ya Amazon au IngramSpark, majukwaa ya mtandaoni ya kuchapa na kuuza vitabu, nakala ichapwe pale tu mnunuzi anapolipa, asilale na maboksi chini ya kitanda. Wengine humwambia ashuke River Road au Industrial Area, alipie nakala zake na kuziuza mwenyewe. Ubishi huu huishia kwenye bei ya nakala moja, ilhali swali la kwanza ni msomaji yuko wapi.

Hesabu ya KDP ndiyo inayowaumiza wengi. Katika soko la Marekani, kitabu cha kurasa 200 kwa wino mweusi hutozwa dola 1 kwa nakala, pamoja na senti 1.2 kwa kila ukurasa, jumla dola 3.40. Kikiuzwa dola 12, asilimia 60 ya mwandishi ni dola 7.20, toa uchapaji, zinabaki 3.80. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo asilimia 30 ya mrabaha wa mauzo ya huko hukatwa kabla hujalipwa, na kinachokufikia ni dola 2.66. Mwenye huruma na wasomaji huweka bei ya dola 8, yaani kama shilingi elfu moja. Tangu Juni 2025, kitabu cha bei ya chini ya dola 9.99 hulipwa asilimia 50. Nusu ya 8 ni 4, toa 3.40, zinabaki senti 60. Kodi ikishapita, ni senti 42. Kwa hiyo bei ya Nairobi usiipeleke Amazon. Msomaji aliye Minnesota au Dallas amezoea kulipa dola 12 au zaidi, na yeye ndiye KDP inamfaa.

IngramSpark ina kazi tofauti: kufikisha kitabu kwenye orodha za maduka na maktaba za nje. Tangu 2023 kuweka kitabu ni bure. Lakini punguzo la jumla lililozoeleka ni asilimia 55, na kwenye kitabu cha dola 12 hiyo inakuachia dola 5.40 kabla uchapaji haujatolewa. Kuna pia kipengele cha kurudisha vitabu visivyouzwa. Ukikikubali, gharama inakurudia wewe. Ukikikataa, maduka mengi hayakiweki kitabu rafuni. Kwa mwandishi anayeanza ningekataa bila kusita.

Kiswahili kina kikwazo chake. Katika orodha ya lugha zinazokubaliwa na KDP, Kiafrikana kimo na Kiswahili hakimo. Vitabu vya Kiswahili vinaonekana Amazon, ni kweli, lakini kwa kanuni hiyo kitabu chako kinaweza kukataliwa, na si jambo la kugundua wiki ya uzinduzi.

ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ya bure ya KDP haitumiki kwingine kokote. Chukua ya kwako kutoka Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya. Kisha, kama uko KDP na IngramSpark pamoja, usiwashe usambazaji mpana wa KDP (Expanded Distribution), unaopeleka kitabu nje ya Amazon, maana ISBN moja itagongana katika mfumo wa wasambazaji.

Sasa upande wa nyumbani. Kinachoitwa uchapaji kwa oda Nairobi mara nyingi ni mashine ya kidijitali inayokubali nakala 20 au 50. Faida yake ni kubwa: unaona kitabu kabla hujamaliza kulipa, na msomaji wa Kayole anakipata kwa boda siku hiyo hiyo. Ubaya ni kwamba pesa inatangulia, kosa la chapa linabaki katika kila nakala, na maduka mengi huchukua vitabu kwa mali kauli.

Makosa huanzia kwenye faili. Jalada lililopimwa kwa KDP halifai hapa hivi hivi. Karatasi ya krimu ya KDP huhesabiwa inchi 0.0025 kwa ukurasa, kwa hiyo kurasa 200 zina mgongo wa milimita 12.7. Karatasi nyeupe ya gramu 80 ya hapa ina unene wa karibu milimita 0.1, na karatasi 100, yaani kurasa zilezile 200, hutoa mgongo wa milimita 10. Tofauti ya milimita 2.7 inatosha kusogeza maandishi ya mgongo hadi yaguse uso wa jalada. Muulize mchapaji unene wa karatasi yake, tengeneza jalada upya, na acha milimita 3 za kukatwa pande zote.

Dai sampuli moja iliyokamilika, uifungue katikati. Kurasa zikisimama kama kadi na mgongo ukiwa na mawimbi, nyuzi za karatasi zimekwenda kinyume. Zinapaswa kwenda sambamba na mgongo. Lowesha upande mmoja wa kipande cha karatasi uone: kinajikunja kuwa mrija, na mrija huo hulala kufuata nyuzi. Gundi nayo iwe imeshika imara. Ukurasa ukichomoka kwa kuvutwa kidogo leo, hautamaliza muhula shuleni.

Kama wasomaji wako wengi wako Kenya, chapa hapa, KDP ibaki kwa walio ng'ambo. Usiagize nakala za mwandishi kutoka KDP kwa ajili ya uzinduzi wa Nairobi: usafirishaji unaweza kupita bei ya uchapaji, na nakala za majaribio huja na mkanda wa kuzuia kuuzwa. Idadi ya kwanza ifuate waliokwisha kulipa kwa M-Pesa, uongeze thelathini za maduka na za kugawa. Kuchapa 500 ili bei ya nakala ishuke kuna maana pale tu nakala hizo za mwanzo zimekwisha na watu bado wanaulizia.