Programu Isiyochagua Mashine: Faida Iko kwa Mteja au kwa Seva?

Chukua faili la programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java na kukwisha kukompailiwa (kutafsiriwa kutoka maandishi ya mwandishi wake), ulifungue kwa programu inayoonyesha baiti mojamoja. Baiti nne za mwanzo zitasomeka CAFEBABE, iwe uko kwenye Windows, Linux au Mac. Yanayofuata si maagizo ya prosesa ya Intel wala ya ARM. Ni baitikodi, lugha ya kati ambayo mashine pepe ya Java, ikishasakinishwa, huigeuza kuwa maagizo ya prosesa iliyopo. Sun Microsystems walipoitangaza Java mwaka 1995, ahadi yao ilikuwa hii: andika mara moja, endesha popote.

Ahadi ilimlenga kwanza mtumiaji, yaani upande wa mteja: kompyuta inayoomba huduma kwa seva, ile kompyuta ya kati inayowahudumia wengi. Kivinjari kilipakua programu ndogo, yaani apleti, kutoka kwenye seva na kuiendesha papo hapo kwenye kompyuta yake. Apleti zilichelewa kufunguka, mianya ya usalama haikuisha, Chrome ikaacha kuzipokea mwaka 2015 na Firefox ikafuata 2017. Anayesema Java ilishindwa upande wa mteja ana hoja, wala simpingi.

Lakini tazama DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Toleo lililoutangulia lilijengwa juu ya Microsoft Access, programu ya hifadhidata: bila Windows na Office, hakuna kazi. DHIS2 ikaandikwa kwa Java. Pasipokuwa na intaneti, iliwezekana kuiweka yote kwenye kompyuta moja ya ofisini, mashine hiyohiyo ikawa mteja na seva. Ila kwa mpango huo kila ofisi ilikuwa na hifadhidata yake, virusi vyake na toleo lake la programu, na fundi hakuwa na budi kuzizungukia zote. Kenya ilipoitandaza nchi nzima mwaka 2011, iliweka seva ya kati. Wilayani kikahitajika kivinjari na mtandao tu.

Hapo ndipo ninapoiona faida yenyewe. Mfumo ulioweza kukaa kwenye laptop ya Windows uliweza kukaa pia kwenye seva kubwa ya Linux bila kuandikwa upya. Uhuru huo haumsaidii sana aliyeketi mbele ya skrini. Unamsaidia anayeuhamisha mfumo.

Gharama ipo, na si ndogo. Mashine pepe hula kumbukumbu hata kabla kazi haijaanza. Kwenye seva utaongeza kumbukumbu (RAM) mara moja kwa faida ya ofisi zote. Kwenye laptop duni, kila mtumiaji anaubeba mzigo peke yake.

Na hiyo "popote" ina masharti. Nimewahi kukesha nikitafuta kwa nini nembo inaonekana kwenye laptop yangu lakini kwenye seva haipo. Faili liliitwa Nembo.png, nami kwenye msimbo nimeandika nembo.png. Windows haijali herufi kubwa, Linux inajali. Baitikodi haikuwa na kosa lolote. Maandishi nayo yana mtego wake: kabla ya Java 18 ya mwaka 2022 kuifanya UTF-8, mojawapo ya usimbaji (namna za kuziwakilisha herufi kwa baiti), kuwa chaguo-msingi, programu isiyotaja usimbaji ilifuata mpangilio wa mashine. Neno "ng’ombe" lililohifadhiwa vizuri kwenye Linux lingeweza kusomwa kwenye Windows kama "ngâ€™ombe". Hayo hayagunduliki mpaka programu ijaribiwe kwenye mashine itakayoiendesha, na wengi wetu hatufanyi hivyo.

Kwa seva, basi, ningechagua Java bila kusita. Kwa mteja ningeuliza kwanza mtandao wake ukoje, maana kivinjari kinachotegemea seva ya kati hakifai kitu siku mnara wa simu ukizima. DHIS2 wenyewe wametengeneza programu ya simu kwa ajili ya Android, inayotunza takwimu ndani ya simu hadi mtandao urudi. Imefungwa kwenye jukwaa moja, na kwa muuguzi aliye mbali na mnara, ndiyo iliyo bora.