Wati za kwenye boksi hazipigi muziki

Maduka ya Kariakoo yamejaa viamplifaya vya ukubwa wa kiganja vilivyoandikwa wati 800, vingine 1000. Kabla hujatoa hela, omba uone adapta yake. Mara nyingi utakuta volti 12, ampea 3. Zidisha: wati 36. Kifaa kinachokula wati 36 hakiwezi kutema 1000, hata muuzaji aape vipi. Tena hizo 36 zinagawanywa pande mbili na nyingine zinaishia kwenye joto. Kwa spika za omu 8 (kipimo cha ukinzani wa spika, huandikwa nyuma yake), volti 12 hukupa wati kama 9 safi kila upande. Neno PMPO, yaani wati za matangazo, lipuuze kabisa, tafuta RMS, wati za kudumu. Isipoandikwa, adapta itakwambia ukweli.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba mwenye bajeti ndogo anunue adapta nzuri kwanza, amplifaya baadaye. Na spika zitangulie vyote viwili.

Sebule ya nyumba ya kupanga Sinza au Tabata haihitaji wati 100. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu za ziada, badiliko ambalo sikio hulisikia kidogo. Spika yenye unyeti (sauti inayotoa kwa wati moja, ukiwa mita moja) wa desibeli 90 hupiga kwa wati 10 sauti ileile ambayo spika ya desibeli 84 itadai wati 40. Ukiwa na laki tatu, laki mbili ziende kwenye spika bila kusitasita.

Inayobaki inatosha bodi ya amplifaya yenye chipu ya TPA3116D2 ya Texas Instruments, ikilishwa na adapta ya laptop ya volti 19, ampea 4.74. Hiyo ni wati 90 za kweli, na adapta za namna hiyo zimejaa mjini. Kwa spika za omu 8 utapata wati 20 na ushee kila upande. Zaidi ya hapo jirani atagonga ukuta. Adapta hizi hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme ukishuka jioni muziki haulegei.

Chipu yenyewe inavumilia hadi volti 26, ndiyo maana wengi hukimbilia adapta ya 24. Mimi siishauri kwa bodi za bei rahisi. Tazama kapasita kubwa: zikiwa zimeandikwa 25V, volti 24 zinaziacha pembezoni kabisa, na joto la Dar litamalizia kazi. Baki na 19.

Bodi hizi huharibika kwa njia mbili hasa. Ya kwanza ni kugeuza chanya na hasi. Pini za adapta za laptop hazifanani, na zile zenye kisindano katikati hazitaingia, kwa hiyo fundi atakata waya na kufunga pini nyingine. Pima kwa multimita kabla ya kuchomeka. Ya pili ni kuunganisha hasi za spika mbili pamoja, kama ilivyozoeleka kwenye redio za magari ya zamani. Kwenye chipu hii hasi ya spika si ethi. Nayo inatoa sauti. Kila spika iwe na nyaya zake mbili.

Ukisikia bezi inakatikakatika huku taa ikizima na kuwaka, mara nyingi bodi haina kosa: adapta imeishiwa. Usilazimishe. Amplifaya ndogo iliyokabwa hukata vilele vya mawimbi ya sauti na kutuma nguvu nyingi kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Ndiyo maana twita inaweza kuungua hata kwa amplifaya dogo.

Mpenzi wa taarabu na dansi la zamani anaweza kupendelea amplifaya nzito ya mtumba yenye transfoma. Sina ubishi, zipo nzuri sana, ila soma kibandiko cha nyuma. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100. Ichomeke kwenye 230 na umeaga transfoma. Itahitaji stepu-dauni, transfoma ya kushusha volti, yenye uwezo angalau mara moja na nusu ya wati inazokula.

Dukani iwashe bila spika, sauti chini. Zenye relei ya kinga (swichi inayounganisha spika mambo yakiwa salama) zitalia “tik” baada ya sekunde chache. Isipolia, ina ugonjwa. Kisha weka multimita kwenye DC (umeme wa moja kwa moja, kama wa betri), upime matundu ya spika. Chini ya milivolti 50 ni sawa. Ikipita 100, irudishe mezani, maana hiyo DC itapasha koili ya spika yako. Kitasa cha sauti kinachokwaruza kisikutishe, mara nyingi ni vumbi na chumvi ya pwani. Dawa ya kusafishia kontakti inatosha.

Waya wa spika wa milimita 1.5 za mraba unatosha kwa mita tano. Ukwangue kwa wembe kwanza: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, na usilipe bei ya shaba.