Kwaya ililaumiwa, madirisha yakasahaulika

Jumapili tukimaliza mazoezi hapa Kisumu, dada mmoja anayeimba sauti ya alto alisema kitu ambacho kimenikaa kichwani wiki nzima. Tulikuwa tunapanga konseti ya Disemba, ile ya nyimbo za mtunzi Handel, akasema korona ama ugonjwa wa aina hiyo ukirudi, kuimba kufungwe siku ya kwanza na kusiguswe mpaka uishe. Wengi wakaitikia. Na ako na sababu, alizika mtu wake 2021.

Upande wake si wa kupuuza. Juni 2021 Delta, ile aina ya kirusi cha korona, ilituvamia huku, serikali ikabana kaunti 13 za ziwani na Magharibi, kafyu ikawa saa moja jioni, mikutano marufuku, na chanjo zilikuwa chache sana. Wodi zikijaa hivyo hakuna mtu wa kukaa chini aanze kuchagua kwaya ipi ni salama na ipi si salama. Kwa wiki kama zile, funga, sibishani.

Lakini ile hesabu watu hututupia, ya kwaya ya Skagit Valley kule jimbo la Washington, Marekani, huwa inasemwa nusu. Tarehe 10 Machi 2020 waimbaji 61 walikutana kwa mazoezi, mmoja tayari alikuwa na dalili kama za homa ya mafua, na hesabu ilipofungwa walikuwa wameugua 53, wengine kwa vipimo, wengine kwa dalili, na wawili wakafariki. 53 kwa 61. Nimerudia hiyo habari mara nyingi na kila nikirudia najikuta naangalia kile chumba. Sanitaiza ilikuwa mlangoni. Hawakukumbatiana wala kushikana mikono. Yaani yale tuliyoimbiwa kila siku kwa redio wao waliyafanya, halafu wakakaa ndani masaa mawili na nusu, milango ya nje imefungwa, viti vimebanana hata futi moja haifiki kati ya kimoja na kingine, katikati wakapumzika wakala biskuti na machungwa. Mikono yao ilikuwa safi. Hewa ndiyo walikuwa wanagawana.

Sasa ona sisi. Julai 2020 makanisa yalipofunguliwa, sheria ilikuwa watu 100, saa moja, na asiingie mtoto chini ya miaka 13 wala mtu aliyepita 58. Besi wetu karibu wote ni wazee, wakabaki nyumbani. Mlangoni tuliweka jerikeni ya maji, sabuni, na kijana wa kupima joto kwa paji la uso. Madirisha? Yalifungwa vile yalivyokuwa siku zote, kwa sababu ya vumbi la barabara, na sikumbuki mtu hata mmoja akiuliza, mimi nikiwemo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walipima waimbaji 25 mwaka huo huo wakaona kuimba na kuongea kwa sauti ile ile havitofautiani sana kwa yale matone madogo yanayoelea hewani, kinachoongeza matone ni ukubwa wa sauti. Kwa hiyo makanga wa matatu hapa Kondele akiita abiria anatoa kama mwimbaji wa sauti ya tena akiimba kwa nguvu ile ile, lakini makanga ako nje kwa upepo na mwimbaji ako ndani. Hapo ndipo swali lilipaswa kuanzia.

Salzburg, Austria, Agosti 2020 walifanya tamasha lao la muziki na maigizo la mwezi mzima, watu zaidi ya 76,000, na hakuna maambukizi yaliyojulikana kati ya watazamaji. Mtu ataniambia wale wako na pesa ya kupima wasanii, na ni kweli, hatuna. Lakini kuacha kiti kitupu kati ya watu, kuondoa mapumziko, kutouza vinywaji, kuandika jina kwa kila tiketi, hivyo vinagharimu nini?

Sisi baadaye tuliimbia chini ya mwembe. Tulisimama hatua mbili mbili, karatasi za solfa, zile noti za do re mi, tumezibana kwa vibanio vya nguo, ukivuta pumzi barakoa inakuingia mdomoni, na kwaya masta hasikii alto kabisa kwa sababu nje sauti inapotea. Ilikuwa konseti mbaya kwa masikio, sitadanganya. Lakini bendi za Jeshi la Wokovu huko Vihiga na Bungoma zimepiga tarumbeta barabarani miaka yote, nje si kitu kigeni kwetu. Na mpiga kinanda wetu ambaye kodi yake ya nyumba ilitoka kwa konseti na harusi alipata walau kitu siku hiyo.

Huyo dada sijamjibu bado. Kabla ya kwenda nyumbani nilizunguka ukumbi nikahesabu madirisha: yako manane, matano hayafunguki, yamepakwa rangi juu ya rangi mpaka yakashikana na fremu. Nimeshaongea na mwenye funguo. Jumamosi naenda na patasi, na nimemwomba huyo dada aje tuyafungue pamoja.