Programu ya kuchagua friji ianze na LUKU

Siku hizi kuna programu za simu za kumsaidia mnunuzi kuchagua friji lisilokula umeme mwingi, na wapo wanaozitilia shaka. Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mdogo Kariakoo kununua friji. Tulizunguka hadi tukabakiwa na mawili: la mtumba kutoka Ulaya kwa shilingi 380,000, na jipya kwa 690,000. La mtumba lilikuwa na stika ya mishale ya rangi, imefifia, na herufi A kwenye kijani. "Mama, hili ni A, halili umeme," muuzaji akasema.

Nikatoa simu. Stika mpya za Ulaya, tangu Machi 2021, zina msimbo wa QR. Ukiuskani unafika kwenye hifadhidata ya Umoja wa Ulaya na kuona friji linakula uniti ngapi kwa mwaka. Ile yetu haikuwa na msimbo. Ilitoka kwenye mfumo wa miaka ya 1990, ambao baadaye uliongezewa A+, A++ na A+++ hadi ngazi zote zikapangwa upya mwaka 2021. A ya friji lile si A ya leo.

Wanaozitilia shaka programu hizi wana hoja nzito hapa. Simu inasoma tu orodha iliyojazwa na mtu mwingine. India ina programu yake ya simu inayoonyesha nyota za ufanisi wa umeme za kila friji, na inamfaa mnunuzi kwa sababu sheria inalazimisha mafriji yanayouzwa kule yapimwe na kubandikwa lebo. Kenya nayo ina kanuni za lebo tangu 2016. Friji la mtumba lililoshushwa bandarini mara nyingi haliko kwenye orodha yoyote. Isitoshe, vipimo vya zamani vya Ulaya vilifanyika kwenye joto la nyuzi 25. Dar mchana wa Februari huvuka 30, na kompresa haipumziki. Stika iliyosema uniti 300 kwa mwaka haikupimwa kwa jiko la mama mdogo.

Hata hivyo siungi mkono kuziacha. Chukueni hesabu yake. Anaishi Mkuranga, yuko kundi la D1, yaani la bei nafuu ya umeme kwa watumiaji wadogo, na bila friji anatumia kama uniti 50 kwa mwezi. Friji jipya liliandikwa uniti 0.5 kwa siku, yaani 15 kwa mwezi. Jumla 65. La mtumba ni 25 kwa stika, lakini kwa joto letu na mpira wa mlango uliochoka niliweka 30. Jumla 80.

Kwa mtazamo wa haraka tofauti ni uniti 15 tu, na tofauti ya bei ya 310,000 ingechukua miaka kurudi. Lakini D1 ina mpaka wa uniti 75. Ndani ya mpaka, uniti moja ni kama shilingi 122 pamoja na kodi na tozo. Ukizoea kuuvuka unahamishiwa kundi la bei ya juu, na kila uniti inakuwa kama 356. Uniti 65 kwa 122 ni 7,930. Uniti 80 kwa 356 ni 28,480. Tofauti inapita 20,000 kila mwezi, na friji jipya linajilipa ndani ya miezi 15 au 16.

Hesabu hii huioni kwenye nyota wala kwenye herufi. Programu ninayoitaka ingemuuliza mtu mambo matatu: uko kundi gani, mwezi uliopita ulinunua uniti ngapi za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kibati cha nyuma ya friji kinasemaje. Humo ndimo mna herufi ya hali ya hewa pia: T ni friji lililoundwa kuhimili hadi nyuzi 43, N linaishia 32. Hilo fundi yeyote anaweza kukuonyesha, lakini muuzaji hatakutajia.

Niliandika hesabu nyuma ya risiti ya daladala. Mama mdogo akaisoma mara mbili, akauliza, "Kwa hiyo hili la mtumba nitaendelea kulilipia kila mwezi?" Nikamwambia ndiyo. Alikuwa na 450,000 mkononi. Tuliondoka bila friji, na wiki iliyofuata akakopa 240,000 kwenye kikoba, akarudi kuchukua jipya.