Mofini ya mwilini haiondoi haja ya mofini ya chupani

Katika wodi nyingi za kwetu mgonjwa anayelalamika huambiwa ajikaze, na asiponyamaza huambiwa kwamba maumivu yenyewe yako kichwani mwake. Msemaji hukusudia kumnyamazisha tu, lakini bila kujua amegusa jambo ambalo wataalamu wa neva wamelichunguza kwa zaidi ya nusu karne: hisia ya maumivu hukamilika ubongoni, na ubongo huweza kuipunguza au kuizidisha kwa kemikali unazozitengeneza wenyewe. Mvutano uko katika matumizi ya ukweli huo. Wapo wanaouona kuwa sababu ya kupunguza dawa na kuhimiza mazoezi, utulivu wa nafsi na matumaini. Wapo wanaohofia kwamba unageuzwa kuwa kisingizio cha kumwacha mtu ateseke. Kila upande una haki yake, ila kwa hali ya hospitali zetu hofu ya hawa wa pili naiona nzito zaidi.

Ushahidi wa upande wa kwanza si wa kubezwa. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani na Sweden walionyesha kwamba ubongo una vipokezi vinavyoinasa mofini, dawa kali ya maumivu itokanayo na kasumba, na hapo likazuka swali: kwa nini mwili wa mnyama uwe na mahali palipoandaliwa kupokea utomvu wa mmea? Jibu lilitoka Aberdeen, Uskoti, mwaka 1975, pale John Hughes na Hans Kosterlitz walipopata katika bongo za nguruwe kemikali mbili ndogo walizoziita enkefalini, zinazofanya kazi kama mofini. Endofini, kemikali nyingine za mwili za aina hiyo, zikafuata, na jina lao lenyewe limeundwa kumaanisha mofini ya ndani. Leo inafahamika kwamba kutoka ubongo wa kati hushuka njia ya neva hadi kwenye uti wa mgongo, na huko enkefalini huzipunguza nguvu taarifa za maumivu kabla hazijapanda. Kwa maneno mengine, ubongo haukai tu kusubiri habari za jeraha. Nao hutuma amri ya kuzipunguza.

Jambo hilo lilikuwa limeonekana kwa macho kabla ya kuelezwa na maabara. Henry Beecher, daktari wa ganzi aliyekuwa na jeshi la Marekani nchini Italia katika Vita vya Pili vya Dunia, aliandika mwaka 1946 kwamba takriban robo tatu ya askari waliojeruhiwa vibaya hawakutaka dawa ya maumivu walipoulizwa, ingawa saa kadhaa zilikuwa zimepita bila kupewa mofini. Yeye alilihusisha jambo hilo na maana ya jeraha, kwa kuwa kwa askari jeraha lilikuwa ruhusa ya kuondoka vitani akiwa hai. Mwaka 1978 watafiti wa San Francisco waliwafuata watu waliong'olewa magego na kupewa plasibo, yaani kitu kisicho na dawa ndani yake. Baadhi walipata nafuu, na nafuu hiyo ilipungua walipodungwa naloksoni, dawa inayoziba vipokezi vya mofini. Matumaini, kumbe, yalikuwa yakifanya kazi kwa kemikali inayoweza kuzuiwa kwa sindano. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio lililomaliza ubishi kwamba nafuu ya namna hiyo ni mgonjwa kujidanganya.

Lakini kutoka hapo kwenda kwenye mahubiri ya kwamba kila mtu anabeba duka la dawa kichwani ni mwendo mrefu, na wengi wameuruka. Mfano mzuri ni mbio. Karibu kila anayekimbia asubuhi atakuambia kwamba endofini ndizo humfanya asihisi uchovu na arudi nyumbani akichangamka. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walipiga picha za bongo za wakimbiaji 10 baada ya mbio za saa mbili na kuona dalili za kuunga mkono dai hilo. Hata hivyo mwaka 2021 wenzao wa Hamburg waliwapa wakimbiaji dawa ya kuziba vipokezi vya mofini, na furaha ya mbio ikabaki pale pale, jambo linaloelekeza kidole kwa kemikali nyingine za mwili, zile zinazofanana na kiambato cha bangi. Tena endofini inayopimwa kwenye damu hutoka zaidi katika tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, ambako hukatwa kutoka protini ile ile inayozaa homoni ya kuamsha tezi za adrenali wakati wa msukosuko. Ikishaingia kwenye damu, haipenyi kwa urahisi kurudi ubongoni. (Ndiyo maana neno homoni lenyewe linahitaji tahadhari: ikiwa kwenye damu endofini ni homoni, ikiwa kati ya neva na neva ni mjumbe wa neva, na kuonekana kwake kwenye damu hakuthibitishi kwamba inafanya kazi ubongoni.)

Hoja inayowapinga zaidi wahubiri wa matumaini, hata hivyo, ni kwamba ubongo huo huo hutoa kemikali za kuongeza maumivu. Kolesistokinini wengi huijua kama homoni ya utumbo inayokibana kibofu cha nyongo, lakini imo pia ubongoni, na majaribio ya mtafiti Fabrizio Benedetti huko Turin, Italia, yameonyesha kwamba mtu akitiwa hofu kuwa kitu fulani kitamuumiza, maumivu yake huongezeka, na ongezeko hilo huzuiwa na dawa inayoipinga kolesistokinini. Basi mgonjwa akikemewa na kudharauliwa, maneno nayo huweza kumuumiza. Huwezi kudai kwamba maneno hutibu, kisha ukakataa kuwajibika kwa maneno yanayodhuru.

Nafuu ya hisia pia si uponyaji. Katika jaribio la pumu lililochapishwa mwaka 2011, wagonjwa waliopewa plasibo walisema wamepata nafuu karibu sawa na waliovuta dawa halisi, lakini mapafu yalipopimwa, ni dawa halisi tu iliyoyafungua kwa kiasi cha maana. Mtu wa namna hiyo anaweza kujiona mzima huku njia zake za hewa zimebana.

Wanaotaka dawa zipungue wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Nchini Marekani mwaka 2021 zaidi ya watu 80,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za jamii ya mofini, na mizizi ya balaa hilo inafika kwenye vidonge vilivyoandikwa kwa wingi kutibu maumivu sugu. Vipokezi vinavyoshindiliwa dawa kila siku huzoea, na mara nyingine mgonjwa huanza kuumwa zaidi kuliko mwanzo. Kwa mgongo unaouma miaka kumi, mazoezi na ushauri yana mantiki kuliko kuongeza dozi.

Ila hilo ni tatizo la wingi, nasi tuna tatizo la uhaba. Ripoti ya tume ya jarida la tiba la Lancet ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Mtu anayenukuu balaa la Marekani ili kumnyima mofini mgonjwa wa saratani wa huku anatibu ugonjwa wa jirani.

Uganda ilichagua njia nyingine. Tangu shirika la Hospice Africa Uganda lianze kazi mwaka 1993, mofini ya maji imekuwa ikichanganywa humo humo nchini kutokana na unga wa mofini, na tangu mwaka 2004 wauguzi na matabibu waliofunzwa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya wagonjwa wenye maradhi mazito, wanaruhusiwa kuiandika. Namna ya kuitoa dawa nayo ina uzito: katika majaribio mengine ya Turin, dawa ya maumivu iliyotolewa na mashine bila mgonjwa kujua ilifanya kazi kidogo kuliko ile ile iliyotolewa mbele ya macho yake na mtu anayemweleza. Anayeletewa chupa nyumbani na muuguzi, akaketi naye kitandani na kumwambia itachukua muda gani kabla ya kutuliza, anapata mofini ya chupani pamoja na ile ya kichwani mwake. Aliyeambiwa ajikaze hakupata ya kwanza, na kwa namna alivyoambiwa, sioni hiyo ya pili ingetoka wapi.